Ile Mashua Mliyoiona Nyuma Yangu



Tangu neno la asubuhi la Jumatano nimepokea jumbe nyingi kuliko nilizopokea kwa mafundisho yote ya mwezi huu, na karibu zote haziulizi habari ya Waraka wa Yakobo niliokuwa nafundisha. Zinauliza kile kitu kilichokuwa mezani nyuma yangu. Ndugu mmoja alidhani ni mifupa ya samaki mkubwa. Dada mmoja aliuliza kama ni kitanda cha mtoto mchanga, akatupongeza mimi na Mama Mchungaji. Hapana, dada. Hiyo ofisi tulishaifunga.

Kile ni mfano wa merikebu ya mbao. Naiunda mimi mwenyewe, kipande kwa kipande, kutoka kwenye seti iliyokuja katika boksi refu kama la viatu vya mvua. Na kwa kuwa mzee mmoja ninayemheshimu sana ameniandikia kwa upole, akiuliza kama ni sawa mchungaji kucheza na vitoi wakati roho za watu zinapotea, nimeona nijibu hapa mbele ya wote. Jibu lenyewe ni refu, na ndani yake kuna jambo la nyumbani kwangu ambalo nimepewa ruhusa ya kulisema. Pika chai kwanza.

Wengi hamjui kwamba mimi ni mtoto wa Changamwe. Baba alikuwa mtu wa reli, na kutoka kwa wenzetu waliokaa upande wa juu ungeona meli zikiingia Kilindini. Jirani yetu mmoja alikuwa baharia. Akirudi safari alikuwa haleti redio wala viatu kama mabaharia wengine, alileta maboksi ya vipande vya mbao. Nikiwa darasa la saba alinikalisha kwenye baraza yake likizo nzima, tukaunda mashua ndogo ya uvuvi. Nilijifunza kwake majina ambayo watu wa bara hawayajui: mkuku, yaani ule uti wa mgongo wa chombo unaolala chini kabisa, mataruma, ambazo ni mbavu zake, omo ni mbele na tezi ni nyuma. Baadaye niliunda mbili nyingine peke yangu. Wale wa 8-4-4 ya zamani mnakumbuka tulivyotahiniwa sanaa na ufundi. Hapo ndipo nilipopata alama za kumfurahisha mama.

Nilipoingia chuo cha Biblia nikiwa na miaka 20, sanduku langu lilikuwa na nafasi ya nguo na vitabu tu. Sikuiacha kazi ile kwa sababu ya dhambi. Niliiacha kwa sababu ya nafasi. Kisha kukaja huduma, ndoa, watoto, kanisa la mabati, kanisa la mawe. Miaka 26 ikapita bila mimi kushika msasa.

Mama yangu alilala Februari ya mwaka jana. Mlikuwa nasi, na Mungu awabariki kwa namna mlivyotubeba. Lakini baada ya matanga kuisha na watu kurudi makwao, usingizi wangu ulikatika. Saa nane ya usiku macho yako wazi. Naomba, nasoma, naomba tena, na ukweli ni kwamba baada ya nusu saa ya maombi mkono ulikuwa unatafuta simu, na simu usiku huwa imejaa shida za watu. Presha ikapanda. Daktari alinipa dawa, na akaniambia kitu ambacho sikukitarajia: nitafute kazi ya mikono isiyo na simu wala watu ndani yake, nifanye angalau mara tatu kwa wiki.

Nilikuwa nimewahi kutaja zile mashua za utotoni katika mahubiri, mstari mmoja tu, nikapita. Ndugu yetu mmoja anayeishi Kanada alikuwa akifuatilia ibada mtandaoni siku hiyo. Alipokuja kumzika baba yake mwezi wa tatu, aliingia ofisini na boksi amelifunga kwa karatasi ya zawadi. Akasema, "Pasta, hii ni ya kwako, si ya kanisa. Usiipeleke kwenye mnada wa harambee." Kwa hiyo, mzee wangu, kuhusu swali la sadaka: hakuna shilingi ya zaka iliyonunua ile mbao.

Merikebu yenyewe inaitwa Bluenose. Si meli ya kivita wala ya wafalme. Ni chombo cha tanga cha wavuvi, milingoti miwili, kilichoundwa mji wa Lunenburg katika jimbo la Nova Scotia, na kushushwa majini tarehe 26 Machi 1921. Aliyekichora ni William Roué, na nahodha wake alikuwa Angus Walters. Kilikuwa na urefu wa futi 143. Kazi yake ilikuwa kuvua samaki kwenye maji ya Grand Banks, lakini kilikuwa na mbio kiasi kwamba mwaka uleule kilishinda mashindano ya vyombo vya wavuvi dhidi ya chombo kutoka Marekani. Wakanada wamekiweka kwenye sarafu yao ya senti 10 tangu 1937. Ndugu yetu alinipa na sarafu moja. Nimeibandika kwenye ukuta juu ya meza.

Mwisho wake ulikuwa mgumu. Zama za injini zilifika, kikauzwa mwaka 1942 kubeba mizigo kwenye visiwa vya Karibi, na Januari 1946 kikagonga mwamba karibu na Haiti kikavunjika. Hakuna aliyekufa. Mwaka 1963 kiwanda kilekile cha Lunenburg kiliunda cha pili kinachofanana nacho. Na sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa mke wangu hucheka kila mara: waliolipia hicho cha pili ni familia yenye kiwanda cha bia. Mnamo 1971 kikapewa serikali ya jimbo kwa bei ya dola moja. Mimi naunda kile cha kwanza. Cha 1921. Nimesema mapema ili asitokee mtu wa kuniuliza ibadani.

Nilichopenda zaidi katika historia ile ni mashua ndogo zilizokuwa zimepangwa juu ya sitaha, moja ndani ya nyingine kama vikombe. Zinaitwa dori. Merikebu ikifika penye samaki, dori zinashushwa, wavuvi wawili kila moja, wanakwenda mbali na kutandaza kamba ndefu zenye ndoana. Pale Grand Banks ukungu hushuka ghafla. Watu wawili ndani ya kibao cha mbao, hawaoni merikebu, na merikebu haiwaoni. Waliokuwa wakibaki juu walikuwa wakipuliza honi ili wenzao wafuate sauti. Wengine hawakurudi. Seti yangu ina dori nane, kila moja ndogo kuliko kidole changu cha kati. Bado sijazigusa, na mtajua kwa nini.

Sasa kazi yenyewe. Kipimo ni 1 kwa 64, kwa hiyo chombo cha futi 143 kinakuwa kama sentimita 68, urefu wa mkono wangu kutoka bega hadi vidole. Ndani ya boksi kuna mbao nyepesi zilizokatwa kwa leza, fito nyembamba nyeupe za mti wa lindeni, uzi wa rangi mbili, vipande vya shaba vidogo kama mbegu za mchicha, na michoro mikubwa ya kutandaza kwenye meza ya kulia chakula. (Tunakula sebuleni tangu Machi. Mama Mchungaji amevumilia, naye atapata taji lake.)

Unaanza na mkuku. Ukikaa vibaya hata kwa milimita mbili, kila kitu kitakachokuja juu yake kitabeba ule upotovu hadi kwenye milingoti. Niliuweka kati ya vipande viwili vya chuma vilivyonyooka, nikauacha usiku kucha. Kisha unapachika mataruma, moja baada ya nyingine, na hapa ndipo mtu wa haraka huharibikiwa: mataruma hayako tayari kupokea mbao. Ncha zake ni za mraba, na mbao inapita ikiwa imepinda. Lazima uzipige msasa kidogo kidogo, upande wa omo ukiinamia mbele, upande wa tezi ukiinamia nyuma, na kila baada ya muda unachukua ufito mmoja na kuulaza juu yake uone kama unagusa kila taruma bila kuacha mwanga. Kazi hiyo peke yake ilinichukua wiki tatu. Haionekani. Ukimaliza chombo hakuna atakayejua uliifanya. Nilianza kulala usingizi katika wiki ile ya pili. Nilikuwa nakaa saa tatu usiku hadi saa nne na nusu, naoga vumbi, naingia kitandani, naamka saa kumi na moja. Sitaki kulitia jambo hilo mafuta, ndivyo lilivyokuwa. Na dawa za presha bado nameza.

Baada ya hapo ni kufunika kwa mbao. Watu hudhani mbao za chombo zina upana mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Haziwezi. Chukua uzi uzungushe tumbo la merikebu katikati, kisha uzungushe uso wake mbele: mbele ni padogo zaidi. Idadi ya mbao ni ileile, basi kila mbao lazima ipunguzwe upana inapokaribia omo, na nyuma mara nyingine inabaki nafasi yenye umbo la kabari ambayo unaijaza kwa kipande cha ziada. Ukilazimisha mbao pana ikae mbele, itapanda juu ya mwenzake au itavunjika. Unailoweka kwenye maji ya moto, unaipinda polepole juu ya pasi, unaiacha ikauke ikiwa na lile umbo, ndipo unapaka gundi. Na huwezi kumaliza upande wa kulia wote ndipo uende wa kushoto. Gundi ikikauka inavuta, na mkuku wote utajipinda kama ndizi. Mbao moja kulia, mbao moja kushoto, hadi mwisho.

Najua baadhi yenu tayari mnaona mahubiri matatu hapo. Hata mimi niliyaona. Mke wangu alinikataza. Alisema, "Baba, acha kitu kimoja katika nyumba hii kiwe kitu tu."

Kwa hiyo nimejizuia. Ila nimjibu mzee wangu kwa Maandiko, kwa sababu aliuliza kwa Maandiko. Kutoka sura ya 31 kuna mtu anaitwa Bezaleli. Ni mmoja wa watu wa mwanzo kabisa ambao Biblia inasema Mungu aliwajaza Roho wake. Sisi Wapentekoste tunapenda habari za kujazwa Roho, lakini angalia alijazwa kwa ajili gani: kufanya kazi ya dhahabu, fedha na shaba, kukata mawe, kuchonga mbao. Hakutabiri. Hakunena kwa lugha. Alichonga. Sisemi kwamba Bluenose ni hema ya kukutania. Nasema tu kwamba aliyeumba mikono haoni haya kuiona ikishika patasi.

Na kwa wanaopenda mambo ya nchi takatifu: Januari 1986, ukame ukiwa umeshusha maji ya bahari ya Galilaya, ndugu wawili wavuvi wa Ginosar waliona umbo la mashua kwenye matope. Ilikuwa ya karne zile za Bwana wetu, urefu wake mita 8.27, upana mita 2.3. Hakuna anayeweza kusema Yesu aliipanda, na mtu akikuuzia kibao chake, kimbia. Lakini watafiti walipoichunguza walikuta aina 12 za mbao. Mierezi, mwaloni, na vipande vya miti mingine midogomidogo, vingine vimetolewa kwenye mashua za zamani zaidi. Ilikuwa imetengenezwa na kutengenezwa tena na watu ambao hawakuwa na pesa ya mbao mpya. Ilibidi waifunge kwa povu gumu ili ielee hadi mahali pa kuihifadhi, kisha ikakaa miaka katika maji ya dawa ili mbao zisibomoke. Ninapofika Marko 4 siku hizi, pale kwenye shetri ambapo Bwana amelala juu ya mto, naona mbao zenye viraka.

Sasa nifike kwenye lile la nyumbani.

Kijana wetu wa pili yuko kidato cha pili, shule ya bweni. Alikuwa mtoto wa kanisa kweli, wale wa kubeba waya za spika tangu asubuhi. Mwaka jana alibadilika. Hakuwa mkorofi, alinyamaza. Ukimwuliza, "Sawa." Ukimwita kwenye ibada ya nyumbani anakuja, anainamisha kichwa, anaondoka. Sisi wazazi tulisema ni umri. Likizo ya Aprili alipita karibu na meza yangu siku nne bila kusema neno. Siku ya tano alisimama, akatazama mataruma, akaniuliza kwa nini moja limekaa mbele kuliko michoro inavyosema. Alikuwa sahihi, mtengenezaji wa seti alikuwa amechapa namba mbili kwa kubadilishana. Nikamsogezea kiti.

Tulifanya kazi likizo yote. Yeye ana mikono myembamba ya mama yake, anafika mahali vidole vyangu havifiki. Tulizungumza habari za gundi. Tulizungumza habari za Arsenal. Sikumwuliza kitu kingine, kwa sababu mtu anayekaribia mwenyewe hashikwi mkono.

Likizo ya Agosti tulifika mbao za omo. Vile vibanio vya nguo tunavyobania mbao haviwezi kushika pale mbele, umbo limepinda mno. Njia ni moja: mtu mmoja ashike mbao kwa vidole upande wa juu, mwingine ashike chini, na mkae hivyo dakika kumi hadi gundi nyeupe ishike. Ukiachia, inaruka. Kwa hiyo mnakaa, vichwa viwili karibu karibu, mmeinamia kitu kimoja, hamtazamani.

Katika dakika kama ya tatu alisema, "Baba, mimi sijui kama naamini."

Wapendwa, nimesoma chuo cha Biblia miaka minne. Nina somo la kutetea imani ambalo nimelifundisha vijana wa makanisa sita. Lilipanda lote hadi kooni kwa wakati mmoja. Lakini nilikuwa nimeshika mbao. Sikuweza kusimama, sikuweza kumshika bega, sikuweza kuinua mkono kumwombea. Nikauliza tu, "Tangu lini?"

Akasema, "Tangu nyanya."

Mnakumbuka. Mama alipokuwa mgonjwa kanisa lilifunga siku 40. Na katikati ya mfungo alikuja mhubiri mgeni, akasimama katika madhabahu yetu, akatamka mbele ya watu wote kwamba Bwana amesema mama yangu hatakufa, atacheza kwenye harusi ya mjukuu wake. Kanisa lilipiga kelele za amina. Kijana wangu alikuwa amesimama karibu na spika, yeye ndiye mjukuu aliyeonyeshwa kwa kidole. Wiki tano baadaye tulimzika.

Akaniuliza, huku ameshika mbao, "Kwa hivyo nani alidanganya? Ni Mungu ama ni yule mtu? Kwa sababu mlisema amina wote, na baadaye hakuna mtu aliongea."

Nilimjibu kwamba yule mtu alisema maneno ambayo Bwana hakumtuma. Nilimwambia Kumbukumbu la Torati sura ya 18 imeweka kipimo, na ni kipimo rahisi kuliko tunavyopenda: neno lisipotimia, Bwana hakulinena. Hakuna haja ya kusema imani ya mgonjwa ilikuwa ndogo. Hakuna haja ya kusema alicheza mbinguni. Imani ya mama yangu mliijua. Aliimba hospitalini hadi manesi wakaja kusikiliza.

Kijana alinyamaza. Kisha akasema, "Sasa hiyo, kwa nini haikusemwa kanisani?"

Dakika kumi zilikuwa zimepita zamani. Gundi ilikuwa imekauka. Hakuna kati yetu aliyeachia.

Basi nalisema leo, na nitalisema Jumapili mbele ya wote, bila kumtaja mtu. Lile neno lililotamkwa juu ya mama yangu halikutoka kwa Bwana. Nimekaa na wazee wa kanisa mara mbili juu ya jambo hili na tumekubaliana: katika madhabahu yetu hakuna mgeni atakayemtabiria mgonjwa maisha au mauti kabla neno hilo halijaletwa kwa wazee na kupimwa, kama 1 Wakorintho 14 inavyoagiza. Tutaendelea kuwaombea wagonjwa. Tutaendelea kuweka mikono na kupaka mafuta, kwa sababu tumeamriwa, na kwa sababu nimewaona walioinuka. Lakini mtoto aliye nyuma ya spika anasikia kila kitu, na anaweka hesabu.

Baadhi yenu mtaumia kwa kusoma haya, kwa kuwa mlisema amina kwa nia njema na kwa upendo wa mama. Najua. Na kuna familia kati yetu zilizopewa maneno kama yale na zikazika. Milango yangu iko wazi siku ya Jumanne na Alhamisi. Njoo bila kujieleza sana.

Nilimwomba kijana ruhusa kabla ya kuandika. Alifikiri siku mbili. Alikubali kwa masharti matatu: nisitaje jina lake, nisiweke picha yake, na nisiumalize kama ushuhuda. Nayatimiza. Hakuna mwisho wa kuwapa. Hajaniambia kwamba sasa anaamini, nami sikumwuliza alipokuwa akipanda gari kurudi shule. Jumapili zote za Agosti alikuja ibadani na kukaa nyuma kwenye mitambo ya sauti, akafanya kazi yake vizuri. Usiku mmoja aliniuliza kwa nini Zaburi nyingine hazina jibu mwishoni, kama ile ya 88. Tuliisoma, kisha tukarudi kwenye mbao.

Nawaomba kitu kimoja, na naomba kama baba. Akirudi Disemba, msimzunguke. Akina mama, najua mna mafuta kwenye mikoba, nawapenda, yaacheni mikobani. Msimwite pembeni kumwambia mmeona kitu juu yake katika ndoto. Msalimieni, mwulizeni habari za shule, mpeni chapati. Ukitaka kumwombea, ombea nyumbani kwako usiku, Mungu anajua kitanda chake kiko bweni gani.

Chombo sasa kimefunikwa chote. Kulia mbao 22, kushoto mbao 22. Tumepiga msasa mara tatu, na ukipitisha kiganja kutoka omo hadi tezi hakishikwi mahali. Nimeanza milingoti. Uzi wa kamba nauvuta kwanza juu ya nta ya nyuki ili usitoe nyuzinyuzi. Nta nimepewa na mzee mmoja wa Baringo anayefuga nyuki, na harufu yake imejaa sebule. Matanga sitayaweka. Wajuzi hugawanyika juu ya hilo, mimi nipo upande wa wanaoacha milingoti wazi ili kamba zionekane.

Dori nane bado ziko kwenye mfuko wake wa plastiki. Kijana aliandika juu ya mfuko kwa penseli: USIGUSE HADI NIKUJE. Funguo za sebule nimemwachia Mama Mchungaji, kwa sababu wajukuu wa jirani wamekwisha kuuona huo mfuko dirishani.

Kwa ndugu aliyeuliza kuhusu gundi: ni ile nyeupe ya mbao ya kawaida, chupa ndogo, inapatikana kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi. Ile inayoshika papo hapo usitumie kwenye mbao za mbele, haikupi nafasi ya kusogeza. Msasa nunua namba 120, 220 na 400. Dada aliyeuliza kama anaweza kumletea mwanawe aone: karibu Jumamosi alasiri, lakini avue viatu, kuna vipande vya shaba kwenye zulia ambavyo bado navitafuta.

Ibada ya Jumapili ni saa tatu kamili. Tunaendelea na Yakobo sura ya tano, kuanzia mstari wa 13, pale kwenye wagonjwa na wazee wa kanisa. Njoo na Biblia yako.

Mchungaji wenu.